Petikoti ya Sukari

Rafiki yangu, wewe tumekula kwa chungu kimoja, sitakuficha kitu. Enzi zetu pale Bwera, musichana bila petikoti alikuwa kama nyumba bila mulango. Ile sketi ya ndani, nyeupe, yenye marinda, ndiyo ilikuwa inafanya gauni isimame. Wasichana wa leo wanavaa ile suruali ya kubana, wanapita, upepo hauna kazi nao. Sisi upepo wa mulimani ulitujua kwa majina.

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi, na kiburi ya mutu wa arobaini. Mama alinishonea petikoti nyumbani, kwa mukono, kwa mifuko ya unga wa ngano aliyopata kwa muchoma mikate. Aliloweka kwa maji ya majivu siku tatu mpaka maandishi ikatoka. Uzi hatukununua. Tuliufumua kwa midomo ya ile mifuko, mimi navuta, mama anakunja kwa kijiti. Akakata vipande vitatu, cha chini kipana kuliko vyote, akavipanga marinda. Mimi nikaomba nishone pindo. Nilipomaliza nikasimama, na petikoti ikasimama na mimi: nilikuwa nimeishona pamoja na gauni niliyovaa. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Shida, petikoti yangu ilikuwa inalala. Ya binti wa katekista ilifunguka kama mwavuli. Akaniambia siri: unachovya kwa maji ya sukari, kama vile wamama wanakazia vitambaa vya meza. Na sukari ilikuwa nyumbani, kopo moja, ya chai ya wageni wa sherehe yangu. Ijumaa nilikuwa nimeungama. Jumamosi, mama akienda kuteka maji, nikamwaga kopo lote kwa beseni. Nilijiambia nitaungama tena nikizeeka.

Jumapili ile kitu ilisimama yenyewe chini kama kuku anaatamia. Tukatembea mpaka kanisani, jasho ikaanza kuyeyusha ile sukari. Tukapangwa mustari, tukapiga magoti kwa majani, tunangoja kuingia. Sisimizi wakapata habari.

Katekista alikuwa ametuonya kwamba mutoto akitoka kwa mustari, atangoja mwaka mwingine. Nikafikiria mama, na vidole vyake vimetobolewa na sindano. Nikabaki. Waliniuma muguu, wakapanda, wakafika mahali siandiki. Nililia kimya mpaka mbele ya padri. Nyuma wamama wananong'ona kwamba huyu mutoto ameguswa na Roho. Katekista akaninyoshea kidole mbele ya wote, akasema, "Mufanane na Biira."

Nyumbani mama akafungua kopo, akatazama ndani, akalifunga. Akatia chumvi ya Kabatoro kwa chai, akaambia wageni kwamba kwao Butembo, kule Kongo, siku kubwa inanywewa hivyo. Wakanywa, wakashukuru. Mimi sikumaliza kikombe.

Toka siku ile nimesali, nimeolewa, nimesoma masomo ya jioni na watoto mugongoni, nimekuwa kiongozi wa wamama hapa Kasese. Kosa lile niliungama zamani, kwa padri. Kwa mama, hapana. Juma lililopita binti yangu Masika alitaka petikoti ya zamani kwa mchezo wa kuigiza wa parokia. Mama akaja kunisaidia. Tukiwa kwa marinda, ikanitoka yote, sukari na sisimizi. Yeye hakuacha kushona.

"Biira, ile petikoti ni nani aliifua?"

"Ni weye, mama."

"Basi. Nilikuta sisimizi beko mule kwa marinda, wamekufa. Nikasema Mungu ameisha kumuchapa huyu mutoto. Mimi nitachapa wapi tena?"

Leo petikoti inatoka dukani imesimama tayari, na sukari haikosi kwa kopo. Lakini Masika akikosea asubuhi, mchana picha iko kwa simu ya kila jirani, na mimi mwenyewe, nisamehe, huwa nacheka nao. Mama yangu alifua kosa langu, akamwaga maji, akanyamaza miaka thelathini. Sijui kama mimi ningeweza hata siku tatu.

Basi rafiki, ukikutana na wale tulipiga magoti pamoja kwa majani yale, wapelekee habari hii. Waambie Biira anasema haikuwa Roho. Ilikuwa sisimizi.