Dada Yangu Alivyojifunza Kuitikia Nzuri

Kabla hatujahamishiwa kijiji kipya, dada yangu alikuwa hajui kuitikia salamu. Hakuwa bubu, ingawa watoto wa jirani walimwita hivyo. Ukimwuliza habari za asubuhi, alikupa habari za asubuhi. "Kwelea wamekula mpunga upande wa mtoni. Mama jino linamuuma. Baba bado amelala, jana alikunywa pombe." Mgeni anaduwaa, mama anajifunika uso kwa kanga. Kwetu hata nyumba yenye msiba huitikia nzuri kwanza, halafu ndiyo unasema, "Ila tumefiwa." Dada alikwama hapo. "Kama si nzuri, nitasemaje nzuri?"

Kupiga magoti nako hakupiga. Wanawake wa kwetu wakimwamkia mtu mzima huchuchumaa, wakapiga makofi polepole, macho chini. Macho dada aliyaweka chini bila taabu, maana hakumtazama mtu usoni tangu azaliwe, lakini mikono aliificha kwapani, akawa anayumba mbele na nyuma mpaka mgeni apite. Baba alikuwa akicheka tu. "Mwacheni. Huyu anaamkia ndege kwanza. Nyie watu subirini zamu yenu."

Na ndege aliwaamkia kweli. Nyumba yetu ilikuwa peke yake, mbali kidogo na Kasansa, na shamba la mpunga lilianzia nyuma ya jiko. Baba alimjengea dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na kutoka pale kamba zenye makopo zilikwenda kila upande. Ukivuta moja, makopo yanalia, ndege wanaruka. Mpunga ukianza kukomaa, dada alipanda alfajiri, akashuka giza likiingia. Watoto wengine tukiamia ndege tulichoka, tukaanza kucheza, na kwelea wakashuka hapo hapo. Yeye hakuchoka. Aliwasikia kabla hawajaonekana. Kila ndege alijua mlio wake, na aliweza kuuiga. Nikiwa naye kule juu nilipenda kuuiga vibaya makusudi, kwa sababu hakuweza kuvumilia.

"Siyo hivyo."

Narudia, vibaya zaidi.

"Siyo hivyo! Sikiliza." Anapiga mluzi, na ndege mwenyewe anamjibu kutoka kwenye matete. Hapo ndipo dada alipokuwa akicheka, kicheko kirefu cha mtu asiyejua kwamba anatazamwa.

Mimi ni mdogo wake wa kike, na sisi wawili tulikuwa wa namna moja. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Mimi pia kelele huniuma mwilini kabisa, na uso wa mtu ukinisogelea natamani kukimbia. Ila mimi nilijifunza mapema kujificha. Namtazama mtu kwenye paji la uso, naye anadhani namtazama machoni. Naitikia nzuri haraka ili aniache. Shuleni wananiita mpole. Jioni bwenini najifunika shuka gubigubi, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa, na wenzangu wanasema, "Huyu anapenda usingizi!"

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Tabora, amri ilipokuja kwamba watu waliotawanyika wahamie kijijini. Likizo ya Desemba nikashuka garimoshi Mpanda, nikalala mtaa wa Majengo kwa baba mdogo. Wakati wa kula aliniambia, "Dada yako haumwi. Ila hayuko sawa. Utamwona mwenyewe." Nikamwuliza hayuko sawa vipi. Akamega ugali, akasema, "Hayuko."

Kesho yake nikapata lori la mizigo. Kijiji kipya kilikuwa nyumba zilizopangwa kwa mistari, mlango unatazamana na mlango. Miti bado michanga, kivuli hakuna. Kila alfajiri walipiga rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa karibu na ofisi, watu watoke waende shamba la kijiji. Mlio ule ulipita ukutani kama ukuta haupo. Halafu watu walianza kupita mbele ya mlango wetu kwenda kisimani, na kila mmoja alisalimia, maana ukipita mlangoni kwa mtu bila kusalimia umemtukana.

Nilimkuta dada nyuma ya kihenge cha mahindi, kwenye upenyo kati ya kihenge na ukuta. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Kucha amezitafuna mpaka nyama. Nikakaa karibu naye, si karibu sana, kama tulivyozoea.

"Kule watu walikuwa wanakuja, halafu wanaondoka," akasema. "Hapa hawaji. Wapo tu."

Nikamwambia watazoeleka.

"Natamani nilale nisiamke kumwitikia mtu."

Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kwelea wako upande wa mtoni. Dada hakuwa mtu wa kusema kitu kwa mfano. Mikono yangu nikaificha kwapani. Shuleni tumefundishwa malaria na kichocho, tumechora na mzunguko wa minyoo. Hili halimo. Jioni nilimwambia mama maneno yale, na mama akalia bila sauti, akaendelea kupepeta. Zahanati dada alishapelekwa, wakampa vidonge vya malaria. Katekista alishamwombea. Mganga alimfunga uzi mweusi kiunoni, na dada akaukata kwa meno kwa sababu ulimkwaruza.

Dungu je? Baba alilifumua, akapakia miti yake kwenye lori pamoja na vyungu. Alidhani atamsimikia dada kwenye shamba la kijiji. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, huku hakuna shamba la mtu mmoja, na hakuna dungu la mtu mmoja. Vijana wataamia ndege kwa zamu." Vijana waliamia wakiimba na kugonga madebe, kundi zima. Dada alipelekwa siku ya kwanza, akaziba masikio, akakimbilia porini, wakamtafuta mpaka jua kuzama. Baada ya hapo miti ya dungu mama aliitengenezea kichanja cha kuanikia vyombo nyuma ya jiko.

Shangazi ndiye aliyesema amejua ugonjwa. Yeye ni dada mkubwa wa baba, amelea watoto wengi, wakiwemo wa wenzake, na hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alimpenda dada, alimwachia finyango ya nyama kila Jumapili. Alisema, "Mtoto asiyeamkia watu, watu hawamtakii mema. Unategemea atapona vipi? Mmemlea na ndege, sasa mwacheni alelewe na watu."

Basi kila asubuhi, rimu ikishalia, alimshika mkono, wakapita nyumba kwa nyumba kusalimia mstari mzima. Mimi niliambiwa nifuatane nao. "Mtazame mdogo wako," shangazi alimwambia. "Anasoma Tabora, lakini magoti anapiga, uso anautazama. Mwige. Wewe si unajua kuiga?"

Mbele ya mlango wa kwanza dada alitapika. Uji wote. Kijana mmoja aliyekuwa anafunga jembe akapiga kelele, "Ee! Leo habari zimetoka zote!" Wakacheka, hata mwenye nyumba. Shangazi akamfuta dada mdomo kwa upindo wa kanga yake, akamshika mabega, akamchuchumaza taratibu.

"Haya. Habari za asubuhi? Sema."

Dada akayumba mbele, nyuma. Jasho linamtiririka.

"Sema nzuri, mama yangu. Neno moja tu. Halitakuua."

Sikumbuki ni mlango gani aliposema. Nakumbuka shangazi alivyofurahi, akapiga kigelegele mle njiani, na watu wakatoka kutazama. Baba alikuwa amekaa kizingitini kwetu. Hakucheka. Nilipopita akaniambia chini chini, "Hapa macho ni mengi, mwanangu. Ningefanyaje?" Likizo ikaisha, nikarudi shule.

Mwezi wa sita nikarudi. Garimoshi, Majengo, lori, yote kama mwanzo, ila baba mdogo safari hii alikuwa na furaha. "Dada yako amepona! Utashangaa." Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya milio ya ndege mdomoni, abiria mwenzangu akaniuliza kama nina kikohozi.

Dada alikuwa mlangoni. Alinipokea mzigo, akauweka chini, akachuchumaa mbele yangu, mimi mdogo wake, akapiga makofi polepole.

"Karibu. Habari za safari?"

"Nzuri," nikasema.

"Habari za masomo?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama kwenye paji la uso.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, uso unang'aa. "Unaona? Unaona sasa? Amekuiga wewe!" Nikapiga makofi na mimi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na kwa sababu wote walikuwa wanatutazama.

Jioni nilimfuata nyuma ya jiko, akiwa anaosha vyombo. Tulikuwa peke yetu. Kwelea walipita juu kundi kubwa, wakielekea kwenye mashamba, na hakuinua kichwa. Nikangoja wapite. Halafu nikapiga mluzi wa ndege yule wa kwenye matete, nikaukosea makusudi, kama zamani. Akaendelea kusugua bakuli kwa majivu. Nikapiga tena, vibaya kabisa, mlio ambao hakuna ndege duniani angeukubali. Mikono yake ikasimama kidogo. Nikangoja aseme.

"Umepatia," akasema.

Akasuuza lile bakuli, akaliinamisha juu ya kichanja, kwenye miti ya dungu lake, akachukua lingine.