Kibuyu cha Mbegu za Kware

Jikoni kwangu Bungoma vibuyu vya mbegu vinaning'inia juu ya moto, kwenye moshi, na kila kimoja, isipokuwa kimoja tu, kina jina la mwanamke aliyenipa mbegu ya kwanza. Majina hayo yote ninayo kichwani, hata ya wale walioolewa mbali wakafia huko. Hapa sitayataja, kwa sababu ninayosimulia yanaweza kumfikisha mtu kortini. Shule niliachia darasa la tatu na macho yangu siku hizi yana ukungu, kwa hivyo vibuyu navijua kwa mahali vilipo. Cha mlangoni mtama, kinachofuata wimbi, hivyo hivyo mpaka ukutani.

Cha ukutani kilikuwa cha marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa kutega kware. Alikuwa akiweka kware wake kwenye matenga, anayapandisha juu ya mti mrefu, na wakilia alfajiri wale wa porini wanakuja kwenye vitanzi. Ili walie kwa nguvu aliwalisha mbegu za bangi, alizokusanya kidogo kidogo kwa marafiki zake wa Mlima Elgon. Kuvuta hakuvuta hata siku moja. Aliniambia hiyo si ya watu, ni ya ndege. Alipokufa kibuyu kikabaki. Kukichoma niliogopa, harufu ingefika kwa jirani. Kumwaga kwenye takataka niliogopa zaidi, si zitaota? Nikasema nitamwaga chooni kesho, na hiyo kesho ikawa inasogea tu.

Halafu mke wa mwanangu akaniwekea mabati mapya jikoni. Fundi alipotaka nafasi, huyo mkamwana alivishusha vibuyu vyote, akavirudisha alivyoona vinapendeza. Vyote ni vyeusi kwa masizi. Mimi sikutambua kitu.

Nina rafiki Kitale, mjane kama mimi, ambaye wazee wake walitoka Kenya ya kati kuja kununua shamba Trans-Nzoia. Mimi namwita Shosho kama wajukuu wake, yeye ananiita Kukhu kama wajukuu wangu. Alikuja Mabanga, hapa karibu na kwetu, kwa mafunzo ya wakulima, akalala kwangu, akaniomba mtama mwekundu wa uji. Nikakishusha cha mlangoni nikampa vile kilivyo, mdomo umezibwa kwa mavi ya ng'ombe, maana kwetu kibuyu cha mbegu hakifunguliwi mpaka siku ya kupanda.

Mvua ilipokolea, nikajiambia leo ndiyo leo, ile kitu inaenda chooni. Nikafungua cha ukutani. Mtama mwekundu ukamiminika mkononi mwangu, nikageuka nikatazama mlangoni, palipokuwa na kibuyu nilichompa Shosho.

Simu ya Shosho inaongea kwa sauti mpaka jirani anasikia, kwa hivyo nilipompigia nilizunguka, nikamuuliza habari ya mtama. Akasema alishapanda zamani, umeota vizuri, ila majani yake yana meno kama msumeno.

Kanisani kwetu kuna mzee aliyekuwa karani wa korti. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza habari za redio: ati kuna nchi ambako bangi imeruhusiwa, na watu wanakusanya mbegu zake kama vile watoto wa zamani walivyokusanya stempu, sisi je? Akacheka, akasema mbegu iliyo kwenye chupa mawakili wanaweza kuibishania mpaka jioni.

"Lakini ikishaota kwa shamba lako, Mama, hiyo ni jela. Hakuna atakayeuliza mbegu ilitoka kwa nani."

Akaniangalia kidogo. Nikasema nimeacha chungu motoni.

Asubuhi nikaenda Kitale. Kwenye kizuizi cha polisi nilifungua mkoba kabla ya kuulizwa, na ndani mlikuwa na ndizi tu. Nilimkuta Shosho nyuma ya jikoni anapalilia mistari miwili iliyofika magotini, imetiwa samadi, mizuri kuliko mahindi yake.

"Shosho, huu si mtama."

"Kwani mimi ni mtoto? Mtama naujua. Nilipoona majani nikajiambia ni mboga yenu ya Kibukusu. Kesho nilikuwa niichume nipike."

"Ni bangi."

Aliweka jembe chini polepole. Nilingoja anitukane. Yeye akatazama jua.

"Kukhu, leo mkutano wa nyumba kumi uko hapa kwangu. Naibu wa chifu anakuja saa nane."

Tuling'oa, migongo inalia, tukatumbukiza yote chooni, tukamwaga jivu juu yake. Mikono tulinawa kwa sabuni na ndimu, bado ikanuka. Watu wakaja. Naibu wa chifu akatusalimu mmoja mmoja kwa mkono, nami nikampa wangu ukiwa ndani ya leso, nikasingizia baridi yabisi. Akazungumza juu ya wezi wa mifugo, kisha ati wanaoficha bangi katikati ya mahindi wasije kumlilia. Shosho, birika la chai mkononi, akasema kwa sauti kuliko wote kwamba hiyo ni kweli kabisa. Halafu yule bwana akauliza choo kiko wapi.

Alikaa huko. Nilihesabu mabati ya paa, nikasahau, nikaanza tena. Alipotoka alifunga mlango vizuri, akashukuru kwa chai, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama aliona.

Kesho yake, baada ya mvua, tukakuta miche mingine miwili imeota. Keshokutwa tena. Kumbe mbegu hizo hazioti zote pamoja. Nilitaka kurudi nyumbani, lakini macho ya Shosho ni mabaya kuliko yangu, na shamba ni lake, si langu, atakayekamatwa ni yeye. Bungoma wananiuliza nitarudi lini, nawaambia palizi haijaisha. Kila asubuhi tunainama, yeye mstari wake na mimi wangu, tunapapasa udongo kwa vidole, na pikipiki ikipunguza mwendo hapo barabarani tunanyooka, tunaanza kuongea kwa sauti habari za mahindi.