Samaki wa Kunitetea

Mke wangu alikuwa na neno moja tu kuhusu uvuvi wangu: wazimu. "Mwanamume mzima," alikuwa akiwaambia majirani, "anashinda matopeni akimvizia samaki mdogo kuliko kidole chake, na akimpata anamwachia! Afadhali angekuwa mlevi, ningejua pa kumtafuta." Majirani walicheka hadi kukohoa. Mimi nilinuna, maana mambo ya mshipi kwangu hayakuwa ya mzaha.

Ufito wa kuvulia niliachiwa na mzungu niliyekuwa namwendeshea gari, alipofungasha kurudi kwao. Ulikuwa mwembamba, unanesa, na chambo chake si nyungunyungu. Unafunga manyoya ya shingo ya kuku kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, unarusha mshipi nyuma na mbele hewani, kisha unaulaza juu ya maji taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Chini ya maghorofa ya Bugolobi, mtaani kwetu, kijito kilipita katikati ya mafunjo, na humo waliishi nkejje, wale samaki wadogo ambao wengine huwakausha juani. Mimi nilikuwa namshika mmoja, nazitazama rangi zake, namrudisha. Starehe yangu ilikuwa hiyo.

Miaka ile ya utawala wa jeshi watu wengi waliyaogopa maji. Kina mama walikataa samaki wa ziwani, na hakuna aliyetaja sababu kwa sauti. Sote tulijua ni akina nani waliokuwa wakitupwa huko. Ningekuwa na akili ningeacha uvuvi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi moja, jua limekwisha kupanda, vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Walikuwa wakipiga kelele, mara kimya. Korongo aliyesimama ng'ambo aliinua kichwa akatazama nyuma yangu, nami nikajua kuna mtu kabla sijageuka.

Walikuwa askari wawili. Nyuma yao palikuwa na lori lililozimwa injini. Sikulisikia likija, na mpaka leo sijui lilifikaje pale. Juu yake aliketi mtu mmoja mwenye shati jeupe la ofisini, mikono imefungwa nyuma.

"Wewe naongea na nani?" aliuliza mkubwa wao.

"Siongei na mtu, afande."

"Hii antena ni ya nini? Tumeona wewe natupa waya juu, natupa tena. Redio iko wapi?"

Mungu wangu! Nikamweleza kwamba navua. Akauliza samaki iko wapi. Nikasema nimewarudisha majini. Maneno yalipotoka nilijisikia mwenyewe kama mwongo, ingawa yalikuwa kweli tupu. Mke wangu hakuwahi kunielewa, seuze askari?

"Basi vua," akasema, akiteremsha bunduki begani. "Simama hapo kwa kingo, vua sasa, tuone. Hakuna samaki, unapanda lori."

Nikarusha. Hakuna. Nikarusha tena. Kijito kilichokuwa na nkejje tele muda mfupi uliopita kilikuwa kitupu kama sufuria iliyosuguliwa. Nilihisi wako humo humo, wametulia, wananitazama tu. Mshipi ukanasa kwenye mafunjo, nikaunasua. Askari mdogo akaenda kufungua ubao wa nyuma wa lori.

Ndipo sauti ikatoka huko lorini, ya chini, kama ya mtu anayemwambia jirani kwamba kamba ya kiatu chake imelegea: "Ndugu, kivuli."

"Kimya, wewe!" Askari mdogo akafoka, nikasikia kitako cha bunduki kikimpiga yule mtu.

Kweli, jua lilikuwa mgongoni kwangu, na kivuli changu kilikuwa kimelala juu ya maji, ufito na yote. Nkejje akiona kivuli hudhani ni ndege, hujificha. Hilo ndilo jambo la kwanza mvuvi wa vijito anapaswa kujua, na hofu ilikuwa imelifuta kichwani mwangu. Nikarudi nyuma, nikapiga magoti. Askari wakacheka, walidhani naomba huruma. Nikarusha hivyo hivyo, kivuli changu kikiishia kwenye nyasi. Chambo kikagusa maji, kikatulia, kisha kikazama.

Alikuwa mdogo hata kwa nkejje. Nilimwinua akipindapinda juani, na nilimpenda samaki yule kuliko kitu chochote duniani. Mkubwa wa askari alimtazama, akaangua kicheko.

"Mtu mzima! Kwa hii kitu?" Akanipiga begani kama rafiki. "Enda kwa nyumba yako."

Nikageuka kumtazama mtu wa lorini. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni, na haki ya Mungu, alikuwa anatabasamu, kana kwamba yeye ndiye aliyevua. Nikafungua mdomo nimshukuru. Askari akanishika kidevu akanigeuza uso. "Usiangalie."

Lori likawaka, likashika njia ya ziwani, si ya mjini. Mimi niliaminiwa kwa kuwa nilikuwa na kitu cha kuvuta kutoka majini. Yeye aliyenionyesha namna ya kukivuta, hakuna aliyemwambia ashuke naye ajaribu.