Nilivyoitembeza Pua Yangu Mjini

Watu wa Hewa Bora, mtaa wetu wa Lubumbashi, walinijua kwa munkoyo wangu. Sijisifu, lakini nani pale mtaani hajaunywa? Uji wa mahindi, mizizi ya munkoyo iliyopondwa vizuri, usiku mmoja wa kulala ndani ya ndoo, basi. Ni kinywaji cha watoto, cha wagonjwa, cha mapadri. Siri yake yote iko puani. Asubuhi ukiinama juu ya ndoo, harufu inakuambia: bado, au sasa, au umechelewa. Mama yangu alinusa, nami nikanusa, na kwa kunusa huko nilimsomesha mwanangu mpaka akapata kazi ya mgodi kule Kipushi.

Halafu ikaja ile homa. Sitaki kuizungumza sana. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake. Nililala, nikakohoa, nikapona, nikamshukuru Mungu. Siku ya kwanza niliyoamka kusonga bukari, ugali wetu, nikaona ajabu: mkaa unawaka na haunuki. Sabuni hainuki. Kitunguu kinanitoa machozi, lakini harufu hakuna. Nikajiambia ni mafua tu, yatapita. Nikanyamaza, nikaendelea kupika munkoyo kwa kukisia.

Aibu ilinikuta siku ya komunyo ya kwanza. Familia moja ya jirani ilitaka munkoyo kwa ajili ya watoto wao, nami nikaupeleka mwenyewe, nimevaa kikwembe changu kizuri. Kumbe ulikuwa umepitiliza, umekuwa pombe kabisa. Ningejuaje? Watoto waliovaa nguo nyeupe wakaanza kucheka bila sababu. Mmoja akalala mchangani na mshumaa wake mkononi. Mwingine akamkumbatia mbuzi aliyekuwa akingoja kuchinjwa, akakataa kumwachia. Mama mwenye karamu akanijia mbio.

"Mama! Munkoyo yako inakuwa pombe! Batoto ya komunyo banalewa!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni hiyo niliosha ndoo zangu, nikazigeuza chini juu kando ya ukuta, nikamwambia mkwe wangu kwamba kazi imekwisha. Kuuza kitu nisichokijua, hapana. Na bila munkoyo mimi ni nani? Mama mzee tu anayekaa kwenye kiti mlangoni.

Mkwe wangu huyo ni mke wa mwanangu, na tunakaa nyumba moja, kwa sababu mwanangu yuko Kipushi na anarudi mwisho wa juma. Kwao ni Moba, kando ya ziwa. Msichana mzuri, mchapakazi, mdomo wake mwepesi kidogo. Tuligombana mara moja tu, ila ile moja ilitosha. Alipokuja kuolewa alipika bitoyo, yule samaki wao wa chumvi aliyekaushwa juani, ambaye ukimweka jikoni hata padri kanisani anajua. Munkoyo unavuta kila harufu inayopita karibu. Kesho yake mteja alinirudishia bidoni yake, dumu zima, akisema anakunywa samaki. Nikaweka sheria palepale: bitoyo haiingii nyumbani kwangu. Akasema, "Ndiyo, mama." Tangu siku hiyo, kila kifurushi kilichotoka kwao alimpa jirani.

Yeye ndiye aliyenipeleka dispanseri. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Muuguzi wa pale, mama wa makamo, alinisikiliza bila kucheka, hata nilipofika kwenye mbuzi.

"Mama, pua yako iko sawa mutoto mwenye alisahau masomo," akasema. "Unapashwa kuifundisha tena. Kila asubui nusa bintu bya harufu ya nguvu, kimoya kimoya, pole pole. Usichoke."

"Na itarudia?"

"Ya bamingi inarudia. Ya bengine inakawia. Tujaribu tu, mama."

Haya. Nilianza na vya nyumbani: kitunguu saumu, mafuta ya taa, viatu vya mwanangu. Kimya. Mkwe wangu akasema pengine pua yangu imevizoea, inavipuuza kama mume anavyompuuza mkewe. Labda tuiletee wageni. Ndivyo nilivyoanza kwenda mu ville, mjini kati, mimi ambaye kwa miaka yote niliyokaa Lubumbashi nilikuwa sijawahi kuingia dukani kwa Mhindi, wala kwa Mgiriki, wala kwa Mchina, isipokuwa kupita mbele na kuchungulia vioo. Nilidhani yale ni maduka ya wenye kazi zao, ya watu wa magari. Nani angenifukuza lakini? Nina miguu, nina kikwembe, nina pua mbovu.

Kwa Mhindi niliingia nimejiandaa kugombana. Magunia yamefunguliwa midomo, vitu vyekundu, vya manjano, vya kahawia, mbegu ndogo kama mchanga. Nikamweleza mwenye duka shida yangu kwa kifupi. Alikuwa kijana mwenye Kiswahili cha kwetu kabisa, kuliko hata cha watu wengine wa Bel-Air wanaojifanya Wafaransa.

"Ngoya, mama," akasema. "Niko na kitu. Hii, kama hausikie, basi Mungu akusaidie."

Akatoa kikopo chenye unga wa manjano, wanauita hing. Alipokifungua, bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele alikwenda zake mlangoni, amefunika pua. Mimi nikaingiza uso mzima. Nilivuta mpaka unga ukaniingia kooni.

"Unasikia?"

"Nasikia kukohoa," nikamjibu.

Akacheka mpaka akajishika kaunta. Nilinunua kikopo kile, na dengu, na majani makavu ambayo sikujua hata yanaliwa vipi, akanielekeza. Nyumbani nilipika dengu zile kama alivyosema. Harufu sikuipata, lakini ulimi wangu ulikuwa bado unajua chumvi, uchungu, ukali na utamu, na mle ndani vyote vilikuwa vinagombana vizuri. Mkwe wangu alikula sahani mbili. Jumamosi mwanangu naye akauliza kama nyumba imebadilisha mwenyewe.

Mgiriki alikuwa mzee, mkubwa kuliko mimi, amekaa nyuma ya mizani yake na kofia kichwani. Nilimwita papa, naye akaniita mama mukubwa, nikamkatalia: mkubwa wa nani? Alizaliwa hapahapa, baba yake alikuja zamani kama baba yangu alivyokuja kutoka kaskazini kwa kazi ya reli. Alinikatia jibini nyeupe iliyokuwa imelala ndani ya maji ya chumvi, akaniwekea zeituni nyeusi pembeni.

"Usinuse kwanza," akasema. "Kula. Nyuma njo utanusa."

Zeituni ile! Niliitema. Mungu wangu, tunda chungu vile, halafu linauzwa? Mzee hakukasirika. Akasema kila mtu anatema ya kwanza, turudie. Ya tatu niliimeza. Siku hizi naweza kumaliza mfuko mzima kabla basi halijafika mtaani, na sioni haya kusema.

Lakini aliyenipa moyo kweli ni mama wa Kichina. Duka lake lina taa nyingi na vitu ambavyo hata picha zake hazikusaidii. Kifaransa chake kilikuwa maneno machache, Kiswahili chake machache zaidi, kwa hiyo nilimwonyesha: nikagusa pua, nikatikisa kichwa. Alinitazama. Akaingia nyuma, akarudi na chupa ya vipande vyekundu vilivyooza kwa makusudi. "Très fort, mama," akanionya kwamba ni kali sana, akasogea pembeni. Nikanusa. Kimya. Macho yake yakawa makubwa, nami nikaona huruma mle, na huruma ya mtu usiyemjua inauma sana. Nusura nilie katikati ya yale makopo.

Hapo akafungua kifuko, akanimwagia kiganjani punje ndogo nyekundu kama za pilipili, akaonyesha nitafune. Nikatafuna. Kwanza hakuna kitu. Halafu midomo ikaanza kutetemeka yenyewe! Ulimi ukafa ganzi, ukaamka, ukacheza. Baridi ikanipanda mpaka ndani ya pua, kule kulikokuwa kumefungwa muda wote ule. Harufu haikuwapo, la, lakini mlango uligongwa. Nilimshika mama yule mikono yote miwili, tukacheka kama wendawazimu, kila mmoja kwa lugha yake.

Nilinunua chupa na kifuko, na Jumamosi nikazitia punje zile kwenye lengalenga, mchicha wetu, bila kumwonya mtu. Mwanangu alikula matonge mawili akasimama.

"Mama! Mi nakufa! Midomo yangu haiko!"

"Iko," nikamwambia. "Tangu lini iliacha kusema?"

Miezi ikaenda hivyo. Kila juma siku moja au mbili za mjini, kila asubuhi vikopo vyangu vimepangwa mezani: hing, jibini, chupa ile ya Mchina, kahawa, siki. Nilikuwa navinusa kimoja kimoja nimefumba macho, kama mtu anayesali rozari. Mwanzoni mkwe wangu alilalamika kwamba nyumba inanuka sawa masoksi ya bwana yake pa kutoka mgodini. Baadaye akabadilika. Akawa yeye ndiye anayenihimiza.

"Mama, leo hauendi mu ville? Enda tu. Usikimbie kurudia, tembea pole pole."

Nikasema moyoni, huyu mtoto ananipenda kweli. Jirani yetu naye alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni. Siku moja alinikuta langoni akaniambia kwamba kwetu sasa kumekuwa ziwani, akacheka peke yake. Nikamwona mjinga, nikapita.

Ikafika siku nilipokuta duka la Mhindi limefungwa. Walikuwa na sikukuu yao. Sikuwa na hamu ya kwingine, na kusema ukweli siku hiyo nilikuwa nimechoka. Muuguzi alikuwa ameanza kunipa pole badala ya moyo. Kwenye basi nilijiambia: mama, kubali, kuna watu wanaishi bila jicho, wewe utaishi bila pua. Ndoo zile uza.

Nilifika nyumbani mapema kuliko kawaida. Langoni nikasimama.

Kulikuwa na kitu.

Sikuamini. Nilinusa shingo ya blauzi yangu: hakuna. Nikanusa mkono: hakuna. Nikavuta tena hewa ya uani, polepole kama nilivyofundishwa, na hicho hapo. Chembamba, kinakuja na kuondoka. Chumvi. Kitu kilichooza. Samaki. Nikashika ukuta. Machozi yalikuwa yanashuka tu, na mimi navuta hewa kwa mdomo na kwa pua kama mtu aliyetolewa majini. Bitoyo! Nyumbani kwangu! Na ilikuwa inanuka vibaya, Yesu Maria, inanuka vibaya vizuri!

Papo hapo nikaelewa yote: jicho la jirani, "tembea pole pole", sufuria zilizokuwa zinasuguliwa kwa majivu kila nilipokwenda mjini. Na ndoo za munkoyo zilikuwa zimegeuzwa chini juu, kwa hiyo mtoto wa watu alijiambia sheria nayo imelala. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikila vya Wahindi na Wagiriki na Wachina, na huyu aliyetoka ziwani alikuwa anakula chakula cha kwao kwa kujificha, nyuma ya nyumba yangu.

Nilipangusa uso nikazunguka jikoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mkaa, mwiko mkononi.

"We mutoto! Unapika bitoyo mu nyumba yangu?"

Aliruka. "Mama, pardon! Pardon, mama! Munkoyo haiko, mi nilisema haitaharibisha kitu, nilikuwa na hamu tu, kidogo tu..." Maneno yalikuwa yanamtoka yakikanyagana. Halafu akatazama sufuria, ambayo alikuwa amekwisha kuifunika. Akanitazama mimi. "Mama. Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu aliniambia."

"Nani alikuambia iko bitoyo?"

"Hakuna muntu."

Akasimama polepole. "Mama... unaisikia?"

"Naisikia," nikasema.

Mwiko ulianguka. Alipiga kelele hivi kwamba jirani alikuja mbio akidhani kuna msiba, akatukuta tumekumbatiana, moto unazimika, mchuzi unamwagika, tunalia na kucheka. Jirani naye akaanza kulia kabla hajajua kwa nini.

Kuomba msamaha sikuomba. Mimi siyo mtu wa namna hiyo, na yeye anajua. Nilisonga bukari mwenyewe, kubwa. Tuliketi sote watatu, nikakata tonge, nikachovya. Harufu ilikuwa inakuja na kupotea, kila ikipotea nafunga macho na kuingoja, na ikirudi nalamba vidole. Nilikula mpaka mifupa. Mkwe wangu akauliza, bila kuniangalia, kama sasa munkoyo utarudi, na bitoyo itakuwaje.

"Munkoyo hapa," nikamwambia, "na bitoyo kwa jirani. Unapika kule, tunakula kule. Anapenda kucheka, basi achekee moshi."

Jirani akapinga, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi kwenda sokoni kununua mizizi ya munkoyo. Mama aliyekaa kando yangu alinusa, akanitazama, akasogea kuelekea dirishani. Nilimwacha asogee. Sikuwa nimenawa kwa sabuni tangu jana, na njia nzima nilikuwa nimeweka vidole vyangu chini ya pua.