Mkate wa Kiapo

Juzi hapa Mtanda, mjini Lindi, vijana walimkimbiza mtu kwa kelele za mwizi, wakampitisha mbele ya baraza yangu. Wajukuu wakatoka mbio kwenda kutazama. Mimi nilifunga mlango, nikakaa kitandani. Mwenzangu, nilikumbuka kijiji chetu cha karibu na Kiswere, mwaka ule wa njaa.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vinamalizikia. Askari wa Mdachi walipita wakichoma maghala, basi watu wakafukia mtama wao mashimoni, huko porini, wakawa wanaishi kwa ming'oko, vile viazi vya mwituni. Mimi na bibi tulishinda tukiichimba, kucha zimejaa udongo, jioni tukaichemsha. Hata hivyo tulicheka. Jirani yetu, mjane aliyenifundisha kusuka ukili, alikuwa akisema ming'oko ni pilau ya wasio na haraka.

Siku moja askari walikwenda moja kwa moja hadi kwenye shimo kubwa, wakaufukua mtama, wakauchoma wote. Nani kawaonyesha? Watu wakamshuku jirani, kwa kuwa kaka yake alikuwa askari Lindi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema tungoje, watafutwe mashahidi. Wakamkemea. Kesi ipelekwe wapi, kwa akida asiyejua ila viboko?

"Tutahukumu wenyewe!" walisema. Mwalimu akanywea. Wengi wape.

Wakataka ale mkate wa kiapo. Bibi alipewa unga uliobaki kijijini, akaoka kimkate kikavu, kikasomewa. Mkosaji, walisema, hawezi kukimeza.

Asubuhi kweupe, mbele ya msikiti, jirani akakitia mdomoni. Akatafuna, akakohoa, akakitema. Uwanja mzima ukaguna. Mwenye njaa gani atatema mkate, kama si mwenye hatia?

"Mama, waambie," alimwambia bibi. "Koo langu unalijua. Jana tu umenisukutulisha maji ya chumvi."

Ni kweli. Alikuwa na mafindofindo, hata mate yalimshinda, na mimi ndiye niliyewashikia kata ya maji. Bibi aliinamisha kichwa. Baadaye aliniambia kwamba kama angemtetea, mkate wa pili angelishwa yeye. Mimi je? Mimi nilikuwa nakikodolea macho kile kimkate pale mchangani. Walipomvamia kwa michi, michi ile ile ya kutwangia, nilipenya kati ya miguu yao, nikakiokota, nikala. Kilikuwa kitamu. Mungu anisamehe, utamu wake nausikia hadi leo.

Alasiri tukamzika. Wiki iliyofuata askari walirudi, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye shimo la pili. Tukatazamana. Safari hii hakuna aliyedai kiapo, maana unga ulikuwa umekwisha.

Kijiji kile hakipo tena. Wengine walihamia Milola, wengine tulikuja Lindi, na pale msikitini pameota vichaka. Waliobaki wakisimulia, husema njaa ndiyo iliyotumaliza, nami huitikia tu. Lakini wewe nakwambia. Jirani yangu hakufa kwa njaa. Tulikuwa wawili tulioujua ukweli, tukanyamaza: mmoja kwa woga, mmoja kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umejaa.