Picha Namba Kumi na Moja

Kwa miaka thelathini na minane mzee huyu alisafisha picha za safari za watu wengine. Duka la picha lilikuwa moja tu mjini, na chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, hakina dirisha, kina taa nyekundu ndogo na harufu ya dawa iliyomfuata mpaka kitandani. Wenzake walimwita Mzee Giza tangu angali kijana. Jina alilipenda, kwa kuwa lilimtenga na wauzaji wa mbele, ambao kazi yao aliiona kuwa ni kuchekea wateja basi.

Mabaharia walileta filamu, walimu waliokwenda kusoma ng'ambo walileta filamu, na wafanyabiashara walileta zao wakiwa na haraka. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua walikokwenda, kabla hata ya wake zao, na alikuwa akisema kwamba mara nyingine ilikuwa heri iwe hivyo. Alinunua kitabu cha ramani cha shule kilichopoteza jalada, akajifundisha. Kila picha iliyoelea kwenye beseni aliitafutia nchi yake. Uholanzi aliijua kwa madirisha yasiyo na mapazia, Uturuki kwa bilauri za chai zenye kiuno. Yeye mwenyewe alikuwa amelala nje ya mji mara mbili tu, na zote mbili zilikuwa msiba.

Halafu simu zenye kamera zikaja, zikaua kila kitu. Siku zile mtu alikuwa na picha ishirini na nne, akafikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi anapiga mia nne za kikombe kimoja cha kahawa, na hakuna anayezitazama, hata yeye aliyepiga. Duka lilifungwa, na leo panauzwa vifuko vya simu. Mwaka huohuo mkewe alifariki. Mzee akahamia kwa mwanawe, akapewa kiti kizuri sebuleni, akakikalia miaka mitano.

Ni mkwewe aliyeona tangazo.

"Baba, kuna chama cha wasafiri wastaafu. Wanakutana kila Jumamosi ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Wanaonyeshana picha za likizo, wenzao wanabahatisha ni wapi. Mbona usiende ukachangamka?"

"Unataka sebule yako."

"Nataka uchangamke, baba. Sebule nayo ningeitumia."

Akaenda. Alikuta watu kama ishirini, viti vya plastiki, birika la chai na televisheni kubwa ukutani. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa bima, mtu aliyesoma kanuni za chama kila kikao kama vile jana zilibadilishwa. Utaratibu ulikuwa mwepesi: mwanachama anaonyesha picha moja, wenzake wana majaribio matatu ya kutaja mahali, kisha mwenye picha anasema ukweli na kusimulia safari yake.

Siku hiyo aliyeonyesha ni daktari wa meno, kijana wao maana alikuwa na miaka hamsini na minane. Picha yake ilijaa uso wake. Nyuma ya sikio pamebaki kijisehemu cha barabara.

"Hapo naona meno tu," akasema mwanamke mmoja wa safu ya mbele, mkunga aliyestaafu, ambaye inasemekana nusu ya mji ilipitia mikononi mwake. "Tuambie ni jino la nchi gani."

Watu wakacheka. Mzee Giza alikaribia televisheni, akatazama kile kijisehemu.

"Ureno," akasema.

Daktari alishangaa. "Umejuaje, mzee?"

"Mawe ya njia. Meusi na meupe, yamepangwa kama mawimbi. Na njia bado ina umande, kwa hiyo ulipiga asubuhi, na ulikuwa hujanyoa."

Mkunga akageuka kumtazama vizuri. "Kumbe mzee umetembea dunia."

Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Aliinua kikombe akanywa chai taratibu, na ule unywaji wake wakauchukua kuwa jibu.

Kikao cha pili alitambua picha tatu kati ya nne, na cha tatu akatambua zote. Walimwekea kiti cha mbele, karibu na mkunga, ambaye alikuwa akimmiminia chai bila kuulizwa sukari. Tangu amzike mkewe hakuna mtu aliyewahi kungoja amalize sentensi. Hapa watu ishirini walingoja.

Mwisho wa kikao cha tatu mwenyekiti alifungua daftari la kanuni.

"Mzee wetu, mgeni huwa mgeni kwa vikao vitatu. Cha nne analeta picha ya safari yake mwenyewe, anaandikwa mwanachama. Asipoleta, tunamuaga."

"Huyu ataleta gunia zima," akasema mkunga.

Nyumbani, chini ya kitanda, Mzee Giza alikuwa na kopo la biskuti lililojaa picha zilizoharibika kazini. Sheria ya duka ilikuwa zichanwe, lakini yeye alizibeba nyumbani, moja moja, miaka yote ile. Alikaa siku mbili akizichambua. Alitaka picha ambayo hakuna atakayeitambua, na kipimo chake kilikuwa rahisi: iwe ile ambayo yeye mwenyewe imemshinda. Akaipata. Maji yametulia, ukungu juu yake, uzio wa chuma, benchi lililopungukiwa ubao mmoja, na mwanamume mwenye kofia aliyekaa akiupa mgongo mpiga picha. Kona ya juu palikuwa na mstari mwembamba mweusi. Hapakuwa na sura ya mtu, hapakuwa na maandishi. Akaamua kwamba ni Uswisi, akajitungia hoteli, akamtungia na mkewe kikohozi kilichowafanya warudi mapema.

Kikao cha nne daktari wa meno aliipiga picha ile kwa simu yake, akairusha kwenye televisheni. Watu waliinamisha vichwa huku na huku. Mzee Giza alikunja mikono, akafurahia kuwatazama.

"Uswisi," akasema daktari. "Tazameni juu kule, ule waya. Si wa vile vibanda vinavyopandisha watu mlimani?"

"Sivyo," akajibu Mzee Giza.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Miezi mitatu alikuwa amemshinda yule mtu wa meno, halafu leo amkubalie, tena kwa sababu ya mkwaruzo wa filamu? Lakini neno likishatoka halina njia ya kurudi, na nchi nyingine hakuwa ameandaa.

Mmoja akasema Norwe. "Sivyo." Mwingine akasema Japani, akaulizwa Japani kwa vipi, akasema basi tu, ukungu. "Sivyo."

"Majaribio yamekwisha," akasema mwenyekiti. "Mzee, tupe mahali."

Mkunga alikuwa amesimama. Alivua miwani, akaipangusa kwa khanga ya begani, akaivaa tena na kusogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kwanza niulize. Huyu aliyekaa ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mzee Giza. "Enzi hizo nilikuwa mwembamba."

"Na kofia?"

"Yangu."

"Aliyepiga?"

"Mke wangu, Mungu amrehemu."

"Basi mzee, nimekufa na sikuambiwa," akasema mkunga. "Picha hii nilipiga mimi."

Watu walianza kucheka, wakaona uso wake, wakaacha.

"Huyo ni mume wangu, na kofia ni ya baba yangu, alimwazima siku hiyo. Na hapo si Norwe wala Japani. Hilo ni bwawa la maji la mji huuhuu, juu ya hospitali, kabla hawajalifukia. Hatukuwa na uwezo wa fungate, tukaenda pale siku moja, kwa miguu. Nilipeleka filamu kwenye lile duka la picha la mjini. Nikarudishiwa bahasha imeandikwa: namba kumi na moja haikutoka."

Mzee Giza aliutambua mwandiko wake katika maneno yale kama vile yamebandikwa ukutani. Alikuwa ameijua njia ya mawe ya Ureno, ila bwawa la mji wake hakuwahi kulitia machoni, kwa sababu saa za kuliona alikuwa gizani akitazama kwingine.

"Nilikwaruza filamu kwa ukucha ilipokuwa mbichi," akasema. Hakumtazama mtu. "Ule siyo waya."

"Lakini picha ilitoka."

"Ilitoka na mkwaruzo. Duka letu halikutoa kazi mbovu, mama. Siku zile tulikuwa na heshima ya kazi. Mtu alipewa kitu safi au hapewi."

Mkunga aligeukia tena televisheni.

"Mume wangu alifariki mwaka wa pili wa ndoa," akasema. "Hakupenda kupigwa picha, alinikubalia mgongo tu. Nami miaka arobaini na mmoja sina hata huo mgongo, kwa ajili ya heshima yenu ya kazi. Huyu daktari ana picha elfu mbovu, lakini zote anazo."

Daktari wa meno alitaka kushukuru, akaona si mahali pake.

Mzee Giza alichukua picha mezani, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akampa kwa mikono miwili. Akatafuta kofia yake ili aondoke kabla hajaambiwa.

"Kwa mujibu wa kanuni," alianza mwenyekiti.

"Kanuni inasemaje hasa?" mkunga akamkata. "Isome."

"Mwanachama awe amefanya safari yeye mwenyewe, na aithibitishe kwa picha."

"Imetaja umbali?"

Mwenyekiti alisoma mstari ule mara mbili. Aligeuza ukurasa, akatazama na nyuma, kwa mazoea ya bima. "Haikutaja," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyegundua tundu kwenye paa alilolijenga mwenyewe.

"Basi kesho saa tatu asubuhi, mzee, vaa viatu vya kutembea."

"Mama, sistahili."

"Hustahili, ndiyo. Wala sijakusamehe, usije ukalala na furaha. Nataka ukapaone."

Walitembea nusu saa. Mkunga alikuwa mbele, naye nyuma, na njia nzima waliongea juu ya magoti tu. Juu ya hospitali palikuwa na maegesho ya magari ya supamaketi, lami tupu yenye mistari myeupe, na vitoroli vimepangwa kwa mnyororo. Mkunga alianzia kona ya ukuta wa hospitali akahesabu hatua kwa sauti, akakosea, akarudi kuanza upya. Mwishowe akasimama baina ya gari la mizigo na nguzo ya taa.

"Benchi lilikuwa hapa. Maji kule, wanapopakia mifuko."

Mzee Giza alitazama. Mwanga ulikuwa mwingi kuliko aliozoea, na hapakuwa na kitu cha kutambua. Alitaka kuomba radhi, lakini kila neno alilolifikiria lilikuwa limekwisha kutumika kwa mambo madogo.

Mkunga akatoa simu. "Simama hapo."

Akasimama pale. Kisha, akidhani ndivyo adabu inavyotaka, akageuka taratibu akampa mgongo, akanyoosha mabega.

"Geuka huku," akasema mkunga. "Mgongo ninao tayari."

Akageuka. Jua lilimpiga usoni, na mikono yake hakujua aiweke wapi.