Palipoungua ni Peupe Tu

Simu ilisema ng'ombe anachubuka ngozi na anachechemea, basi. Hayo yalinitosha kukosa raha njia nzima. Nyuma ya bodaboda inayopanda kwenda Myamba, nilikuwa nishamuua yule ng'ombe mara kadhaa kichwani. Ni ugonjwa wa mapele ngozi. Hapana, ni ugonjwa wa miguu na midomo, na kama ni huo nitafungia mifugo ya kijiji kizima, halafu nikikosea watasema ofisi ya mifugo ya Same imewaletea mtoto. Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, niko mafunzoni, na kila aliyeniita daktari nilitamani kumsahihisha.

Nilitarajia kukuta mgonjwa. Nikakuta kikao.

Walikuwa watatu uani. Mama mwenye ng'ombe, mjane, na shemeji yake ambaye wote walimwita baba mdogo, walikaa kwenye viti. Mbali nao, juu ya jiwe la kufulia, alikaa mke wa mwana wa yule mama, binti wa rika langu, na begi lililofungwa miguuni pake.

"Shikamooni."

"Marahaba, daktari," akajibu baba mdogo. "Hatutakusumbua, ugonjwa wenyewe tunaujua. Wewe tazama tu, kisha useme mbele yetu kuwa haya ni maji ya moto."

"Maji ya moto?"

"Huyu alimmwagia." Akaelekeza kidevu kwenye jiwe la kufulia.

Alinieleza kama mtu anayesoma hukumu. Kila alfajiri yule binti huchemsha maji ya kuoshea kiwele kabla ya kukamua. Juma lile ng'ombe alimpiga teke, maziwa yakamwagika, naye akamtukana ng'ombe mpaka majirani wakasikia. Kesho yake ubavu ukaanza kubabuka. Mume yuko Arusha kwenye vibarua. Kwao binti, kule Maore, walishapigiwa simu: njooni mmchukue mtoto wenu.

Nilishtuka hata nikasahau kutua mkoba. Chuoni nilifundishwa kumwuliza mwenye mifugo historia ya mgonjwa. Hakuna aliyeniambia kwamba historia yenyewe inaweza kuwa mtu amekaa juu ya jiwe akisubiri kufukuzwa.

Ng'ombe alikuwa wa mabaka, mweusi na mweupe, amefungwa nje ya banda, jua lote mgongoni.

"Mbona yuko juani, mama?"

"Vidonda vikauke, mwanangu. Bandani kuna unyevu."

Nilianza na mdomo, kwa kuwa ndio ulionitisha. Haukuwa na malengelenge, lakini fizi zilikuwa za njano. Nikashuka kwenye mguu wa nyuma anaouninginiza. Kwato ilikuwa nzima. Ngozi iliyo juu yake tu, nyeupe, ilikuwa imepasuka na kutoa majimaji. Kisha ubavu. Nikapitisha kiganja kwenye weusi: laini, manyoya yamelala vizuri. Kiganja kikavuka mpaka wa rangi, na hapo ngozi ikawa ngumu, imeinuka, na kipande chake kikabanduka kikabaki mkononi mwangu kama gamba kavu la mgomba. Nusura nipige kelele. Kile kipande kilikuwa na umbo la baka lenyewe, kona kwa kona.

Nikazunguka upande wa pili. Vilevile. Nyota nyeupe ya kwenye paji imechubuka, chuchu za rangi ya waridi zimechubuka, na weusi wote ni mzima.

Ndipo nikatazama horini. Kulikuwa na matawi ya majani yanayokwaruza, yenye vishada vya maua madogo ya rangi ya chungwa na waridi. Nikainua macho. Ua wote wa nyumba ile ulikuwa ni mmea huohuo, na umetoka kupunguzwa.

Nilijua, na kujua kukanitia hofu. Nyumba nyingi za huku anayekata majani ya ng'ombe ni mke wa kijana. Nikimwokoa na lawama ya maji, si nitakuwa nimemkabidhi kwa ya majani? Nilijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Si maji," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba. "Ni jua."

Baba mdogo akacheka. "Jua! Tangu lini jua likasoma rangi? Chuo gani hicho, daktari?"

"Njoo ushike, baba."

Akaja. Kidole gumba chake kikafuata mpaka wa baka, kikapanda, kikashuka. Kicheko kikaisha.

"Maji yangemwagika ovyo, yangeunguza na weusi," nikasema. "Amekula majani ya ua huu, yana sumu, yameharibu ini, na ini likiharibika ngozi nyeupe haistahimili jua. Hata lile teke, nadhani chuchu zilishaanza kumwuma."

"Na nani alimpa hayo majani?"

Hilo ndilo nililoliogopa. Binti aliinua uso.

"Ua nilifyeka mimi," mama akasema. "Malisho yamekauka. Nikaona ni mabichi, nikamtupia."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mimi nilitapatapa na kazi: ng'ombe aingizwe kivulini, matawi yote yatolewe, mkaa usagwe uchanganywe na maji anyweshwe, unyonye sumu. Binti ndiye aliyeusaga na kuunywesha, mimi nikaosha vidonda, nikachoma sindano, nikapaka dawa ya kuzuia inzi.

"Atapona?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Inategemea ini."

Baba mdogo akakohoa. "Haya, yameisha. Mwanangu, ingiza begi ndani, utuwekee chai."

"Hayajaisha, baba," binti akasema. "Kwetu mimi bado ni mtu wa kumwagia mnyama maji ya moto. Mama, piga simu."

Nilidhani atatukanwa. Mama akapiga. Akaanza kwa Chasu, lugha ya kwao.

"Kiswahili, mama. Daktari naye asikie."

Yule mama akaanza upya. "Mkwe wangu, lile neno nililokuambia si kweli. Ng'ombe hakumwagiwa maji. Nimemlisha sumu mimi mwenyewe, kwa kutojua, na mwanao nikamsingizia."

Jogoo wa Maore akawika ndani ya simu. Kisha sauti ikasema:

"Mpe simu mwanangu."

Mikono ya binti ilikuwa imejaa mkaa. Kwa hiyo mama mkwe akamshikia simu sikioni, akabaki amesimama hivyo, karibu mno, akisikia kila anachoambiwa.